Mishumaa Minne: Somo Juu ya Kuandika Vichekesho

Wasomaji wa sehemu hii ya Kiswahili, ninyi mlio madarasani na ninyi wenzetu wa zamani mliokwisha kutoka, mhariri ameniomba niandike somo juu ya vichekesho. Nilipoombwa nilidhani ni kazi nyepesi, kumbe sivyo. Kumchekesha rafiki uliyeketi naye chini ya mwembe si kazi, kwa maana yeye huanza kucheka kabla hujafika mwisho wa hadithi yako. Lakini kumchekesha mtu usiyemjua, naye hakujui, kwa maneno uliyoyaandika juma lililopita, hiyo ni kazi ya fundi: yataka kupima, kukata, na kutupa vingi.

Mfano nilioutwaa watoka Uingereza, na mtu mwenyewe ni Ronnie Barker, aliyezaliwa mwaka 1929 akafa mwaka 2005. Pengine jina hilo hamlijui. Wengi wenu mwamjua Mr. Bean, yule aliyechezwa na Rowan Atkinson tangu mwaka 1990. Hata watoto wasiojua neno moja la Kiingereza humcheka. Sababu yake ni wazi: Bean hasemi, au husema kidogo mno. Huanguka, hukwama, hushangaa, na mtu akianguka hahitaji mkalimani. Barker alikuwa kinyume chake. Kicheko chake kimo ndani ya Kiingereza chenyewe kama kiini ndani ya yai, kwa hiyo hakikusafiri mbali. Lakini kwa ajili hiyo hiyo yatufaa sisi tumsome, maana sisi hapa Uganda tunajifunza lugha za watu, na mwenye kujifunza lugha huona matundu yake ambayo mwenyewe amekwisha kuyazoea.

Barker alizaliwa Bedford akakulia Oxford, mji wa chuo kikuu mashuhuri, lakini yeye chuoni hakuingia. Alifanya ukarani wa benki, kisha mwaka 1948 akauacha, akajiunga na kundi la waigizaji katika mji mdogo wa Aylesbury. Makundi ya namna hiyo siku zile yalikuwa na desturi ngumu: mchana watu hujifunza mchezo wa juma lijalo, na usiku hucheza wa juma hili. Leo wewe ni mzee, kesho ni askari, mtondo ni mjomba mwenye kigugumizi. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mtu hubadilika akibadili sauti yake na mwendo wake. Nao ukawa ulimi wake wa maisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haya. Alipotakiwa kusimama mbele ya watu akiwa yeye mwenyewe, Ronnie Barker, na kusema maneno yake mwenyewe, alitaabika sana. Akivaa nguo za mtu mwingine, haya yote hutoweka.

Mwaka 1966 alichukuliwa katika kipindi cha televisheni cha BBC kilichoongozwa na David Frost. Humo alifanya kazi pamoja na Ronnie Corbett, Mskochi mfupi wa futi 5 na inchi 1 hivi. Wengine wengi waliokuwamo, waandishi na waigizaji, walikuwa wametoka vyuo vikuu vya Cambridge na Oxford. Ronnie hawa wawili hawakupita huko, na Corbett alieleza baadaye kwamba jambo hilo ndilo lililowavuta pamoja. Kipande kimoja cha kipindi hicho chakumbukwa hata leo. Watu watatu wamesimama mstarini: John Cleese, mrefu kama mnazi, ni bwana mkubwa, Barker ni mtu wa katikati, Corbett ni mtu wa chini. Kila mmoja aeleza kwa maneno machache anamtazama nani kwa kumwinukia na nani kwa kumwinamia. Waliokiandika ni Marty Feldman na John Law. Ni kipande kifupi sana, lakini kimesema juu ya madaraja ya Waingereza zaidi ya vitabu vingi vya maarifa ya jamii.

Sasa nafika katika jambo lililonifanya nimchague Barker, nikawaacha wengine wote.

Mwaka 1968 Frost alianza kipindi kingine katika kampuni ya London Weekend, na Ronnie wote wawili walikuwamo. Barker alitaka kuandika, wala si kuigiza tu. Lakini aliona hatari. Yeye alikuwa mmoja wa nyota za kipindi. Akileta karatasi zake mwenyewe, nani atamwambia kwamba hazifai? Watamcheka usoni kwa adabu na kuzipokea, na hatajua maisha yake yote kama alikuwa mwandishi au alikuwa mtu mkubwa tu anayeandika. Basi akajitungia jina: Gerald Wiley. Wakala wake, Peter Eade, akaambiwa aseme kwamba huyo Wiley ni mtu mpya aliyekuja kwake na maandishi. Vipande vya Wiley vikaanza kufika kwa posta kama vya mtu yeyote.

Vilipokewa vema. Watu wakaanza kuulizana, huyu Wiley ni nani? Wako waliodhani ni Tom Stoppard, mwandishi wa michezo ya jukwaani. Wengine wakasema ni Alan Bennett. Barker alikuwa ameketi nao papo hapo akisikiliza. Tena ili wasimshuku, kipande cha Wiley kilipokuwa dhaifu yeye alikisema waziwazi kwamba ni dhaifu. Hebu fikirini mtu anayeikemea kazi yake mwenyewe mbele ya wenzake, akiikemea kwa haki, na hakuna ajuaye. Wangapi wetu wangeweza?

Mzaha ukaendelea mpaka kwa rafiki yake. Corbett alikipenda kipande kimoja cha Wiley akataka kukinunua kiwe chake. Barker akamshauri aandike barua kwa wakala. Jibu likarudi: Bwana Wiley ataka pauni 3,000. Corbett akashtuka, akaona bei ni kubwa mno, akakirudisha. Baadaye Wiley akaandika tena kwamba amempa bure. Mwishowe Wiley akatangaza kwamba atajionyesha, akawaalika waandishi na jamaa zao katika mkahawa wa Kichina. Watu wakaketi wakingoja, macho mlangoni. Barker akasimama akasema, Wiley ni mimi. Wengi hawakumsadiki kwanza.

Hata baada ya siri kutoboka hakuacha desturi hiyo. Mchezo wa mwaka 1972 aliuandika kwa jina la Jonathan Cobbald, na ule wake wa mwisho wa mwaka 1988, uitwao Clarence, kwa jina la Bob Ferris.

Nina sababu ya kukaa sana juu ya habari hii. Nilipokuwa mwanafunzi, katika shule ambayo siitaji, tulikuwa na usiku wa michezo kila mwisho wa mwaka. Nilikuwa mdogo wa umbo, wala si hodari wa mpira. Niliandika mchezo wa kurasa nane juu ya mlinzi wa bweni aliyeogopa giza. Ukarudishwa baada ya siku mbili, na uzi niliofungia kurasa ulikuwa bado umefungwa vile vile, kwa fundo langu mimi. Mwaka uliofuata nikaunakili upya, nikampa nahodha wa timu ya mpira aupeleke kwa jina lake. Ulichaguliwa wa kwanza. Ukumbi ulicheka hata taa ikazimwa na kuwashwa ili watu wanyamaze, na mwalimu aliyehusika akamsifu nahodha kwa kipawa alichoficha muda wote huo. Nahodha alikuwa mtu mwema. Alinipa nusu ya soda yake.

Barker alikuwa nahodha, naye alilificha jina lake kwa makusudi ili kazi isomwe kama ya mtoto asiyejulikana. Sijasoma habari za watu wengi waliofanya hivyo.

Mwaka 1971 BBC iliwapa kipindi chao wawili, kikaitwa The Two Ronnies, nacho kiliendelea mpaka Krismasi ya mwaka 1987. Mara nyingine watu zaidi ya milioni 15 walikitazama usiku mmoja. Kipindi kilikuwa na mpango usiobadilika: habari za uongo mwanzoni na mwishoni, vipande vifupi katikati, wimbo wa kubadilisha maneno, na Corbett peke yake katika kiti kikubwa mno, miguu ikining'inia, akisimulia hadithi fupi ambayo haifiki kwa sababu kila mara apotea njiani. Waandishi walikuwa wengi. Miongoni mwao alikuwa David Renwick, ambaye nitamrudia, na wale waliojulikana kwa jina la Monty Python walileta maandishi pia. Lakini kipande kilicho mashuhuri kuliko vyote ni cha Wiley, yaani cha Barker, nacho kilionyeshwa tarehe 4 Septemba mwaka 1976. Wenye duka moja la vifaa vya chuma walimwandikia barua kumweleza makosa ya kusikia yanayotokea dukani mwao, naye akaitengeneza barua hiyo ikawa mchezo.

Sasa tukifungue tuone kilivyoungwa. Corbett ni mwenye duka, amevaa koti la kazi. Barker aingia akiwa mtu wa kawaida, mzito kidogo, na orodha mkononi. Aomba kitu. Mwenye duka aleta mishumaa minne, aiweka mezani. Mnunuzi aitazama, akaeleza kwamba hakutaka mishumaa, ametaka mipini ya nyuma za bustani.

Ili mtu aelewe lazima ajue jambo moja juu ya Kiingereza cha watu wa kawaida wa London na miji mingine mingi: wao huiacha herufi h mwanzo wa neno. Mpini kwa Kiingereza ni handle. Wao hutamka andle. Basi wakisema mipini ya uma, fork handles, herufi k ya neno la kwanza huruka ikashika neno la pili, na sikio husikia four candles, mishumaa minne. Hapana aliyekosa. Mnunuzi amesema sawasawa kama walivyosema baba zake, na mwenye duka amesikia sawasawa kilichosemwa. Kosa limo katika lugha.

Kisha angalieni jinsi anavyoendelea. Mwandishi mvivu angerudia mchezo ule ule kwa vitu vingine kumi. Barker hafanyi hivyo. Kila mara aongeza kitu. Mnunuzi aomba kitu kinachosikika oz. Mwenye duka ameerevuka sasa, ajua mtu huyu huacha h, basi aleta jembe dogo, hoe. Sicho. Aleta mpira wa kumwagilia maji, hose. Sicho. Kumbe safari hii mnunuzi hakuacha herufi yoyote; ataka herufi O zenyewe, mbili, za kubandika langoni penye jina la nyumba yake. Herufi ziko juu, katika sanduku, nalo lataka ngazi. Corbett, mfupi yule, apanda, ashuka, ahesabu, apanda tena kurudisha sanduku. Hapo mnunuzi aomba kitu kinachosikika piz. Mwenye duka amekwisha kujifunza! Apanda ngazi tena kwa hasira, aleta herufi P. Sizo. Mnunuzi ataka njegere za kopo, peas.

Mwaona? Kila mara mwenye duka hujifunza kutokana na kosa lililopita, na elimu hiyo ndiyo inayomponza. Naye alipa kwa miguu yake. Ngazi ile ni nusu ya kichekesho. Iondoe, yabaki maneno ya kucheza tu, kama vitendawili vya kitabuni. Mwisho wa kipande sitauandika hapa kwa kuwa gazeti hili huingia nyumbani kwa wazazi, tena Barker mwenyewe hakuridhika nao. Mimi namuunga mkono. Mwisho ni mchafu kidogo na dhaifu. Uzuri wote umo katikati.

Je, yawezekana kufanya jambo kama hilo kwa Kiswahili? Yawezekana sana, nasi wa Uganda tuna chombo ambacho watu wa pwani hawana. Katika Kiganda herufi l na r ni kama sauti moja. Twaandika r baada ya e na i, na l mahali pengine, wala sikio letu halizitengi. Basi twafika katika Kiswahili, na Kiswahili chazitenga sana. Kula si kura. Mahali si mahari. Na kalamu, chombo cha kuandikia, si karamu, chakula cha wageni wengi. Hebu tuongeze neno la pili. Wengi wenu mwajua kuandika kwa maana ya kutia maneno katika karatasi. Lakini Waswahili wa asili husema pia kuandika meza, na kuandika chakula, yaani kukipanga tayari mbele ya walaji. Sasa tumepata kamba mbili, twaweza kufunga fundo. Hiki ni kielelezo changu, mkisahihishe mpendavyo.

Mwanafunzi: Mzee, nataka karamu.

Mwenye duka: Karamu! Hapa ni duka, kijana, si ukumbi. Karamu ya nini?

Mwanafunzi: Ya kuandika.

Mwenye duka: Kuandika nitakuandikia, hiyo si shida. Ya watu wangapi?

Mwanafunzi: Ya mtu mmoja. Ni yangu mimi.

Mwenye duka: Karamu ya mtu mmoja. Haya, dunia imebadilika. Sahani unazo?

Mwanafunzi: Sahani za nini, mzee? Nipe nyekundu moja na nyeusi mbili.

Mwenye duka: Nyeusi! Kumbe ni karamu ya matanga! Pole, mwanangu. Umefiwa na nani?

Mwanafunzi: Sijafiwa. Ni karamu ya mtihani.

Mwenye duka: Bado hujaufanya, umekwisha kuusherehekea?

Siyo kazi kubwa, lakini ipimeni kwa kipimo cha Barker. Je, kila mmoja asema kweli kwa upande wake? Naam. Je, jibu la mmoja lamsogeza mwenzake mbali zaidi badala ya kumrudisha? Naam, kwa kuwa nyekundu na nyeusi zapatana na kalamu na sahani vile vile kwa sarufi. Ningalitumia kuku mahali pa sahani kichekesho kingevunjika, maana kuku ni mwekundu, si nyekundu, na msomaji wa Mombasa angenikamata papo hapo. Sarufi ndiyo ngazi ya Corbett. Kilichopungua hapa ni mwili: mwenye duka wangu hapandi popote. Atakayekichukua akichezeshe darasani na amtafutie kazi ya miguu.

Hapa napenda kusimama kidogo juu ya jambo linalotuhusu. Miaka ile ile, 1977 mpaka 1979, kampuni ya London Weekend ilionyesha mchezo uitwao Mind Your Language, ulioandikwa na Vince Powell, juu ya darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza usiku. Wazee wenu huenda wakaukumbuka, kwa kuwa ulipendwa hata katika nchi za Afrika Mashariki. Mimi pia niliucheka. Lakini ulisimamishwa mwaka 1979 kwa sababu mkuu mmoja wa kampuni, Michael Grade, aliona kwamba wadharau mataifa ya watu. Tazameni tofauti. Katika mchezo ule mwalimu ndiye mwenye lugha, na mgeni ndiye mwenye kosa. Twacheka kwa sababu Mhindi au Mtaliano ameshindwa. Katika duka la mishumaa hakuna mwenye lugha. Wote wawili ni Waingereza, wote wawili wazaliwa nayo, na lugha yao yawatupa chini sawasawa. Mtu wa Masaka aliyewahi kuchekwa Dar es Salaam kwa kusema kura chakula aijua tofauti hiyo bila kuelezwa. Katika kielelezo changu nimejitahidi kijana asionekane mjinga, ingawa kosa la r ni letu; mzee naye ana kosa lake, maana hakumtazama kijana mikononi akaona daftari. Sijui kama nimefaulu. Wengine watasema nimewacheka Waganda, na mimi ni Mganda.

Narudi kwa David Renwick, maana kipande chake cha mwaka 1980 ni darasa zuri kwa anayeanza. Kulikuwa na mashindano ya maarifa katika televisheni yaitwayo Mastermind, ambamo mshindani huketi katika kiti cheusi akaulizwa maswali juu ya somo alilolichagua mwenyewe. Renwick akabuni mshindani, naye ni Corbett, ambaye somo lake ni kujibu swali lililotangulia. Barker auliza la kwanza. Auliza la pili, apewa jibu la kwanza; na hivyo hivyo mpaka mwisho, mbio mbio. Uzuri wake ni kwamba majibu yote ni sahihi. Ni kama nguo zilizooshwa vema, zikagawiwa kwa watu wasio wenyewe. Jaribuni ninyi:

Mgeni mheshimiwa hukaa wapi? (Kimya.)

Taka za jikoni hutupwa wapi? – Mbele, katika kiti kizuri kuliko vyote.

Mwalimu mkuu hulala wapi? – Shimoni, nyuma ya jiko.

Mbuzi hufungwa wapi usiku? – Kitandani, chini ya chandarua.

Viranja hula wapi? – Bandani, kwa kamba fupi.

Anayetaka kuandika namna hii asianze na maswali. Aanze na jozi za majibu zitakazogombana, kisha ayarudie maswali nyuma. Mimi nilitupa kumi na tatu nikabaki na haya matano.

Si kwamba kila kitu cha Ronnie hawa kilikuwa kizuri. Nyimbo zao nyingi zilitegemea maneno ya matusi yaliyofunikwa nusu, na wanawake katika vipande vyao mara nyingi waliwekwa kama mapambo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitokea vijana wengine, akina Rik Mayall na Ben Elton, waliotaka vichekesho vya namna nyingine, vyenye hasira na siasa. Kipindi cha Not the Nine O'Clock News, alichokuwamo Rowan Atkinson akiwa bado kijana, kiliwaiga Ronnie kwa dhihaka kali, na Barker aliumia moyoni. Nasoma habari hiyo kwa huruma, lakini vijana hawakukosea katika yote. Mtu aliyeweza kuandika duka la mishumaa hakuhitaji kujaza saa nzima kwa matusi yaliyofichwa.

Barker aliacha kazi akiwa bado juu. Baada ya Krismasi ya mwaka 1987 kipindi hakikurudi, na Clarence ilipokwisha kuonyeshwa mwaka 1988, yeye akiwa na miaka 58, akaenda zake katika mji wa Chipping Norton, akafungua duka la vitu vya kale pamoja na mkewe. Ndiyo, aliishia kuwa mwenye duka. Alirudi mara chache tu kabla ya kufa kwake tarehe 3 Oktoba mwaka 2005. Corbett alimfuata mwaka 2016.

Mwezi Machi mwaka 2006 ilifanyika ibada ya kumkumbuka Barker katika kanisa la Westminster Abbey, huko huko wanakotawazwa wafalme wa Uingereza. Kwa desturi, msafara wa makasisi hutanguliwa na mishumaa miwili. Siku ile ilibebwa minne. Watu wapatao 2,000 waliiona ikipita, na kicheko kikaenea kanisani.

Mhariri amekubali ombi langu moja. Kwa toleo lijalo sehemu hii itapokea vipande vya kuchekesha vya Kiswahili, visivyozidi kurasa mbili za daftari, kutoka kwa wanafunzi na pia kwa wenzetu wa zamani. Kila mmoja aandike kwa jina la kubuni. Jina lake la kweli alitie katika bahasha ndogo iliyofungwa, na juu ya bahasha aandike lile la kubuni peke yake. Bahasha zitafunguliwa baada ya vipande kuchaguliwa, wala si kabla. Vitiwe katika sanduku lililo mlangoni mwa maktaba kabla ya mwisho wa muhula, na tafadhali msifunge kurasa kwa uzi; tumieni pini.